Waingiao Bila ya Kupiga Hodi

Miongoni mwa adabu ambazo dini yetu imetufunza, na ambazo watu wa nchi hizi wamezishika hata zikawa ni desturi ya Mwislamu na asiye Mwislamu, ni adabu ya kupiga hodi. Mtu humwendea mwenziwe, akasimama kando ya mlango wala asikabili ndani, akapiga hodi. Akijibiwa huingia, na akipiga mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka wala haoni uchungu moyoni. Amri hii imo katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28, ambamo Mwenyezi Mungu awakataza walioamini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Na wakiambiwa warudi, basi na warudi. Na katika Sahihi ya Bukhari yasimuliwa ya kuwa mtu mmoja alichungulia kwa tundu katika chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na chanuo mkononi akijikunia kichwa. Mtume akamwambia ya kuwa lau angalijua kuwa anachungulia, angalimchoma jicho kwa chanuo lile, kwani idhini iliwekwa kwa ajili ya jicho.

Na tuangalie vema. Mtu yule hakuingia, wala hakuiba, wala hakushika kitu. Alitazama tu, na kutazama kwake kukahesabiwa kuwa ni kosa kubwa. Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jicho jingine, ambalo halichungulii tunduni bali limo mifukoni mwetu na juu ya meza zetu.

Tulipowazuru ndugu zetu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tukipita njia ile kuu itokayo Lusahunga na Nyakahura kwendea Benaco na Rusumo, tulisikia malalamiko mengi juu ya simu na kompyuta. Tutataja matatu tu. Mama mmoja alisema ya kuwa hununua bando asubuhi, na kabla ya adhuhuri limekwisha, ilhali simu yenyewe imekaa kabatini tangu alfajiri wala hajaigusa. Mzee mmoja alisema ya kuwa alipigiwa simu na watu asiowajua, wakimtolea maneno mazito juu ya deni asilolikopa. Mkopaji alikuwa kijana wa jirani, na kosa la mzee lilikuwa ni kwamba namba yake imo katika simu ya kijana yule. Na mwalimu mmoja alisema ya kuwa kompyuta yake, ambayo bado ni nzima na yafanya kazi, imemtangazia kwamba muda wake umekwisha na kwamba yampasa kutafuta nyingine.

Watu hawa watatu hawajuani, na kila mmoja alidhani ya kuwa shida yake ni ya peke yake. Lakini sisi twaona ya kuwa shida yao ni moja. Kila mmoja amenunua chombo kwa mali yake ya halali, na ndani ya chombo hicho mna amri isiyotoka kwake.

Hapana budi tueleze kwanza jinsi mambo haya yalivyo, ili asiyejua ajue. Simu hizi za kupangusa kwa kidole ni kompyuta ndogo, na kila kompyuta, ndogo au kubwa, ina programu moja iliyo mama wa programu zote. Hiyo huitwa mfumo endeshi. Katika simu nyingi za nchi yetu mfumo huo ni Android, ambao watengenezwa na kampuni ya Google. Katika simu za Apple ni iOS. Na katika kompyuta nyingi za maofisini na mashuleni ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Mfano wa mfumo endeshi ni bawabu wa nyumba kubwa. Yeye ndiye mwenye funguo za vyumba vyote: kamera, maikrofoni, picha, ujumbe, orodha ya namba za watu, na habari ya mahali ulipo. Programu nyingine zote ni wageni, na hakuna mgeni aingiaye chumbani ila bawabu amemfungulia.

Basi swali ambalo yampasa kila mwenye nyumba kuliuliza ni hili: bawabu huyu mwajiri wake ni nani? Mwenye nyumba amemnunua pamoja na nyumba, lakini mshahara na maagizo vyatoka kwingine. Hapa ndipo penye asili ya matata yote, kwani bawabu mwenye mabwana wawili humtii zaidi yule amwandikiaye maagizo.

Hatupendi kusema uongo juu ya mtu wala kampuni, na haki yataka tutaje mema kama tutajavyo mabaya. Zamani katika simu za Android, mtu alipopakia programu alionyeshwa orodha ndefu ya vyumba itakavyoingia, naye akubali vyote au aikose programu. Tangu Android ya sita, iliyotoka mwaka 2015, mgeni yampasa kuomba kila chumba peke yake, na mwenye simu aweza kukubali kimoja na kukataa kingine. Mwaka 2019 ikaongezwa idhini ya kumruhusu mgeni kujua mahali ulipo wakati unapoitumia programu tu. Mwaka 2020 ikaongezwa idhini ya mara moja, ambayo huisha ukiifunga programu. Na mwaka 2021 kikawekwa kidoa cha kijani pembeni mwa kioo, kimwonyeshe mwenye simu ya kuwa kamera au maikrofoni yatumiwa sasa hivi. Haya yote ni mafunzo ya hodi, hata kama waliyoyaweka hawakuyajua kwa jina hilo, nasi twayasifu.

Lakini adabu aliyofunzwa mgeni haimfungi bawabu mwenyewe, naye ana yake. Mwaka 2016 Microsoft iliwahimiza watu wahamie Windows 10, na kompyuta nyingi zikaanza kupakua mfumo huo mkubwa pasipo mwenyewe kuuagiza. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati wako walinzi wa wanyama wa pori la Chinko, ambao intaneti yao yapita kwa setilaiti na kila kiasi kidogo ni ghali. Mwezi Juni mwaka huo wakaona kompyuta moja yanywa mawasiliano yao kwa ajili ya mfumo mpya, na wao wayahitaji kwa kuwaongoza walinzi wenzao waliokuwa porini wakikabili majangili wenye silaha. Mama yetu mwenye bando lililokwisha kabla ya adhuhuri ni ndugu yao katika jambo hili. Simu yake ilikuwa imelala kabatini kwa macho yake tu. Ndani yake bawabu na wageni walikuwa macho, wakipakua matoleo mapya ya programu, wakipeleka picha kwenye hifadhi ya mbali, na kutuma habari za matumizi ya simu kwa watengenezaji wake.

Mwezi Julai mwaka huo huo wa 2016, tume ya Ufaransa inayolinda habari za watu iliiamuru Microsoft ipunguze habari ambazo Windows 10 yazikusanya kupita kiasi, na kuwapa watu nafasi ya kukataa kwa njia iliyo wazi. Katika mwaka 2017 tume ikatangaza ya kuwa kampuni imetii, na ya kuwa habari zinazokusanywa katika daraja ya chini zimepungua karibu nusu. Na mwezi Novemba mwaka 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5, kwa sababu watu walikuwa wamezima kumbukumbu ya mahali walipo, wakaamini ya kuwa hawaandikwi tena, kumbe kulikuwa na swichi ya pili iliyokuwa ikiendelea kuandika. Tuzingatie neno hili: mwenye nyumba alisema hapana, na hapana yake haikuheshimiwa.

Twawasikia vijana wetu wakisema, "Mimi sina cha kuficha, anayetaka kutazama na atazame." Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, lakini hayana elimu. Mtu mwema afunga mlango wa choo, na mke mwema hujisitiri, wala hapana mwenye akili asemaye ya kuwa wafanya hivyo kwa kuwa wana uovu. Sitara ni haki ya mtu mwema kabla haijawa kimbilio la mtu mwovu. Na tena, mtu hawezi kujua leo ni habari ipi itakayomdhuru kesho, kwa sababu habari ikishaandikwa haifi pamoja na nia ya aliyeiandika. Hubaki, na atakayeirithi huitumia kwa nia yake.

Jambo hili ndugu zetu wa Ngara hawana haja ya kufunzwa na mtu wa mbali. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji waliwapa watu wa Rwanda vitambulisho, na katika kitambulisho cha kila mtu likaandikwa neno la kabila lake: Mhutu, au Mtutsi, au Mtwa. Aliyekipokea siku ile aliona ni karatasi ya serikali kama karatasi nyingine. Ikapita miaka 60. Mwezi Aprili mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, karatasi ile ndiyo iliyotakiwa, na neno lile moja likawa ni hukumu ya kufa kwa Mtutsi aliyeibeba. Mto Kagera ukachukua maiti ukazipitisha Rusumo mpaka Ziwa Viktoria. Na tarehe 28 na 29 ya mwezi ule watu zaidi ya 200,000 waliokuwa wakikimbia vita walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, pahali padogo pa njiani, pakawa mji wa mahema. Wako wazee pale wanaokumbuka kila kitu.

Hatusemi ya kuwa simu ni sawa na kitambulisho kile, wala hatupendi kuwatisha watu. Twasema tu ya kuwa aliyeishi kando ya mto ule asiseme kamwe kwamba habari iliyoandikwa haina madhara kwa mtu asiye na kosa. Watutsi wale hawakuwa na kosa.

Sasa na turudi kwa mzee aliyedaiwa deni asilolikopa, maana katika kisa chake mna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Kijana alipopakia programu ya mikopo, iliomba ruhusa ya kusoma orodha yake ya namba, naye akabonyeza kukubali. Alidhani anatoa kilicho chake. Lakini namba zile zilikuwa za nani? Zilikuwa za mzee wake, za shangazi yake, za mwalimu wa madrasa, za mke wa rafiki yake. Kila mmoja alimpa namba yake ili amtafute kwa heri, wala hakumpa ruhusa ya kuigawa. Hiyo ni amana, na Mwenyezi Mungu atuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza ya kuwa mtu akizungumza na mwenziwe huku akigeuka kutazama kama yuko asikiaye, basi mazungumzo yale ni amana. Ikiwa mgeuko wa shingo watosha kulifanya neno kuwa amana, je, namba na picha na jumbe tulizokabidhiwa?

Na msomaji asidhani ya kuwa kisa hiki ni cha nadra. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa mtandao pasipo leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie. Huko Kenya, mwezi Septemba mwaka 2023, kamishna wa ulinzi wa data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa sababu ilitumia namba za watu wengine kuwasumbua kwa ajili ya madeni. Na Google yenyewe, kuanzia tarehe 31 Mei mwaka 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake zisiombe kamwe orodha ya namba wala picha za mkopaji. Twaona hapa nguvu za bawabu: siku alipotaka kuufunga mlango, aliufunga. Lakini programu zinazopakiwa kutoka mahali pengine, nje ya duka lile, hazifungwi na sharti hilo; basi vijana na wajihadhari nazo. Wala tusisahau ya kuwa mikopo mingi ya namna hii ina riba ndani yake, na riba yatosha peke yake kumzuia Mwislamu.

Labda msomaji atauliza, "Basi tufanye nini? Tutupe simu?" La, hatusemi hivyo. Simu ni neema; mkulima wa Biharamulo hupata kwayo bei ya mahindi, na mgonjwa wa Rulenge humwita mwanawe aliye Mwanza. Lakini neema yataka kutunzwa. Twamnasihi kila mwenye simu atenge saa moja siku ya Ijumaa, afungue sehemu ya Mipangilio, aende penye Faragha na penye Ruhusa, atazame chumba kimoja kimoja ni wageni gani aliowaruhusu. Tochi yataka orodha ya namba kwa kazi gani? Mchezo wa watoto wataka kujua mahali ulipo kwa sababu gani? Mgeni asiye na haja na chumba asipewe ufunguo wake, na programu isiyotumika na iondolewe. Kisha awashe kile kiitwacho Kiokoa Data, na katika duka la programu achague kwamba matoleo mapya yapakuliwe kwa Wi-Fi tu au kwa amri yake mwenyewe. Hapo bando litakaa.

Walakini asiyakatae matoleo mapya moja kwa moja, kwa maana ndani yake mna marekebisho ya nyufa ambazo wezi wa mitandaoni huzipitia. Kuchagua wakati wake ni haki ya mwenye simu. Kuyaacha daima ni kuuacha ukuta ukibomoka.

Ama mwalimu wetu mwenye kompyuta nzima iliyotangaziwa mwisho, kisa chake ni hiki. Tarehe 14 Oktoba mwaka 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, kwa sababu hazina kifaa cha usalama ambacho mfumo huo wakitaka. Wako waliojiandikisha wakapata nyongeza ya muda, lakini nyongeza nayo ina mwisho. Kwa mtu wa namna hii iko njia nyingine. Tangu mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo endeshi ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchunguza ndani, kuubadilisha na kumpa mwenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, akaandika sehemu iliyo kiini cha mfumo, ikaitwa Linux. Kutokana na kazi hizo pana mifumo mingi leo, ambayo haina bei na hukubali kompyuta za zamani. Wala jambo hili si geni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wenzao wa Sweden, kilitoa kwa Kiswahili programu za uandishi zitokazo katika ukoo huo, zikaitwa Jambo OpenOffice.

Mmoja wa mifumo hiyo waitwa Ubuntu, nao ulitolewa kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Msomaji wa Ngara hahitaji tafsiri ya jina hilo, kwani katika Kirundi, ambacho ni ndugu wa Kihangaza, ubuntu ni ukarimu na utu. Lakini hata hapa pana funzo. Mwaka 2012 mfumo huo wa Ubuntu ulianza kupeleka nje maneno ambayo mtu aliyatafuta katika kompyuta yake mwenyewe, ili aletewe bidhaa za duka la Amazon. Watu wakapiga kelele, na Stallman akauita kuwa ni upelelezi. Kwa kuwa matumbo ya mfumo yalikuwa wazi kwa kila mwenye elimu ya kuyatazama, jambo halikuweza kufichwa, na katika toleo la mwaka 2016 likazimwa. Basi jina zuri halimtoshi mtu kuamini. Litoshalo ni kuwa mlango waweza kukaguliwa, na kwamba mwenye nyumba akisema hapana, hapana yake yashika.

Tena tukumbushane ya kuwa serikali nayo imeweka mkono wake. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16 yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili mwaka 2024. Mtu aliyedhulumiwa katika habari zake aweza kupeleka malalamiko yake kwenye Tume hiyo. Mzee wetu alinyamaza akaona haya, akadhani aibu ni yake. Aibu si yake, na kudai haki kwa njia ya sheria si ugomvi.

Twamalizia kwa neno ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na huenda baadhi ya wasomaji wasilipende. Twawalaumu wenye kampuni za mbali kwa kuingia bila ya hodi. Je, sisi kwa sisi nyumbani twafanyaje? Mume huichukua simu ya mkewe usiku amelala, akaisoma. Mke hujifunza namba ya siri ya mumewe kwa kuchungulia begani. Na siku hizi ziko programu za kupachika katika simu ya mtu kwa siri, zikamwandikia mpachikaji kila neno. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza dhana nyingi, na katika aya hiyo hiyo akatukataza kupelelezana. Wala hakusema ya kuwa katazo hili ni la majirani tu na kwamba mume na mke wametolewa. Dhana ndiyo izaayo upelelezi, na upelelezi huzaa dhana nyingine, mpaka nyumba ikabaki kuta tupu. Aliye na shaka na amwulize mwenziwe mdomo kwa mdomo, na wakishindwa wawaite wazee wa pande mbili.

Ama wazazi juu ya watoto wao, hapo iko haki ya uchunga, kwani kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mzazi asiyejua mtoto wake aona nini katika simu ameacha zizi wazi. Lakini na apite mlangoni. Wanavyuoni wamesimulia, na Imam Ghazali amekitaja, kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu ya kuwa yeye amekosa moja, na Amiri wa Waumini amekosa matatu: amepeleleza, ameingia kwa ukuta badala ya mlango, na hakuomba idhini. Umar akamwacha baada ya kumtaka atubu. Basi mzazi na amwambie mtoto wake waziwazi: simu hii nimekupa mimi, na mpaka utakapobaleghe na kuonyesha akili tutaitazama pamoja, mimi na wewe. Ziko programu za wazazi ambazo humwonyesha mtoto ya kuwa yuasimamiwa. Hizo zina adabu. Zile za siri hazina. Mtoto aliyesimamiwa kwa dhahiri hujifunza haya. Na aliyepelelezwa kwa siri hujifunza kujificha vizuri zaidi, na akikua atawapeleleza wengine.

Ikiwa twataka bawabu wa mbali atuheshimu, tumwonyeshe jinsi sisi wenyewe twaheshimiana. Kijana akilelewa katika nyumba ambayo baba hupiga hodi hata chumbani kwa mwanawe, huyo ndiye atakayeshtuka siku programu itakapoingia pasipo hodi, na ndiye atakayejua kusema hapana. Na huenda katika vijana hao wa Ngara na Biharamulo, wanaosoma kompyuta hivi sasa, akatoka mmoja atakayetengeneza mfumo wenye adabu hiyo tangu msingi wake.

Mtume (s.a.w.) ametufunza ya kuwa amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Twamwomba Mola wetu azisitiri nyumba zetu, atujaalie kuwa waaminifu kwa siri tulizowekewa na wenzetu, atuepushe na jicho lichunguliayo na mkono uchunguliao, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.